Edipode, Kaizari, Mkaguzi au Kinjeketile: Kikundi Chenu Kianze na Ipi?

Kila mwaka tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, likikaribia, swali ni lile lile. Kijana atakuja barazani kwangu jioni, ataamkia, atakaa pembeni kwa adabu, kisha atasema: "Mwalimu, mwaka huu tumechoka na vichekesho vya mume mlevi. Tunataka tamthilia kubwa, yenye hekima. Tuchukue ipi?"

Zamani nilijibu haraka. Nilitaja ile niliyoipenda mimi, nikatoa kitabu, wakaenda zao. Kitabu kilirudi baada ya wiki tatu, mara nyingine hakikurudi. Kikundi kimoja cha Magomeni nilikipa Juliasi Kaizari ilhali kina watu saba, wanne kati yao wasichana. Tamthilia ile ina wanawake wawili tu, na wote wawili ukienda kununua maji ya kunywa unarudi wamekwisha kutoka jukwaani. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi nauliza kwanza, na kwa kuwa maswali yangu hayabadiliki, nimeona niyaandike, anayekuja asome kabla ya kuamkia.

Zinazogombewa ni nne, na zote zimo katika Kiswahili. Mfalme Edipode ni ya Mgiriki Sophocles, iliyochezwa Athens karne ya 5 kabla ya Kristo. Aliyetuletea ni S. S. Mushi, yule yule aliyefasiri Makbeth na Tufani. Juliasi Kaizari ni ya Shakespeare, ya mwaka 1599, na mfasiri wake ni Mwalimu Nyerere. Tafsiri ilitoka mwaka 1963, ndiyo kwanza ameanza urais, na sijui alipata wapi usiku wa kuifanya. Akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969. Mkaguzi Mkuu wa Serikali ni ya Nikolai Gogol wa Urusi, ilipanda jukwaani mara ya kwanza mwaka 1836, ikafasiriwa na Christon Mwakasaka. Na Kinjeketile ni ya hapa kwetu, ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ya mwaka 1969.

Mtu ataniuliza mbona sikuweka Mabepari wa Venisi, nayo ni ya mkono wa Mwalimu. Naipenda, na napenda zaidi jina alilolipa: Shakespeare alisema mfanyabiashara, mmoja tu, Mwalimu akasema mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Lakini mle ndani kuna Myahudi anayedhihakiwa mpaka mwisho, na kikundi kichanga hakijui kuicheza bila kuwafanya watazamaji waishangilie dhihaka. Hiyo tuiache.

Mizani yangu

Napima kwa mambo manne. La kwanza ndilo zito: tamthilia hii inajua nini kuhusu binadamu? Wanaotaka "yenye hekima" mara nyingi wanataka misemo ya kuandika kwenye khanga. Khanga tunazo. Tamthilia iliyovuka karne imevuka kwa sababu imemkamata binadamu akifanya kosa fulani, kosa ambalo babu alilifanya na mjukuu analifanya tena akidhani ndiye wa kwanza. Kwa hiyo swali langu ni: kosa gani? La pili ni Kiswahili chake kikiwa mdomoni, si kikiwa kwenye karatasi. La tatu ni watu na vifaa. La nne ni watazamaji wa hapa, hasa wale wasiolipa kiingilio, ambao ndio wengi na ndio wakali.

Kosa gani?

Mfalme Edipode ni kisa cha mpelelezi anayejisaka mwenyewe. Mji wa Thebes umeingia tauni. Mfalme anaambiwa tauni haitatoka mpaka apatikane aliyemuua mfalme aliyetangulia. Anasimama mbele ya raia, anamlaani muuaji kwa laana nzito, anaapa kumtafuta kana kwamba aliyeuawa ni baba yake mzazi. Watazamaji wa Athens walikijua kisa hiki tangu utotoni. Walijua aliyeuawa ni baba yake kweli, muuaji ni yeye, na malkia anayelala naye ni mama yake. Hawakwenda kuangalia nini kitatokea. Walikwenda kuangalia mtu anavyolisogelea jambo kinyumenyume, kalipa mgongo.

Wengi wakimaliza kusoma husema: basi, lililoandikwa halifutiki. Nusu yake ni kweli. Lakini mtazame Edipode vizuri. Ana akili kuliko mji mzima. Ndiye aliyetegua kitendawili cha lile dude lililokuwa likiwala watu, na jibu la kitendawili lilikuwa "binadamu". Anamjua binadamu, hajijui. Itazame na hasira yake. Teiresias, kipofu anayeona mambo, anapomwambia ukweli, papo hapo anamshuku kwamba katumwa na shemeji mtu ili ampindue. Hasira hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya, miaka nyuma, amuue mzee kwenye njia panda kwa kugombea nani apishe. Pale njia panda hakuna mungu aliyemshika mkono. Sisi tunasema nyani haoni kundule, tunacheka, tunaendelea na kahawa. Sophocles anakukalisha na nyani yule saa nzima na nusu mpaka ajione.

Na kuna mchungaji, ambaye wasomaji wa haraka humruka. Huyu ndiye aliyepewa kichanga akakitupe mlimani kife. Akakionea huruma, akampa mwenziwe wa Korintho. Balaa lote limezaliwa na huruma ya mtu mdogo asiye na cheo. Sophocles hamlaumu wala hamtetei. Anamleta mbele, mzee, anatetemeka, analazimishwa kusema, basi. Mimi hapo huwa naona kama ndiyo tamthilia yenyewe.

Juliasi Kaizari ina kosa la namna nyingine: mtu mwema anayedhani watu wote wanafikiri kama yeye. Jina la kitabu linapotosha. Kaizari anauawa katikati ya mchezo, na mwenye mzigo ni Brutus, anayemuua rafiki yake kwa ajili ya Roma, si kwa kijicho. Kisha anakosea mara tatu. Cassius, mwenzake katika njama, anasema Antony, kipenzi cha Kaizari, auawe naye, Brutus anakataa. Cassius anasema Antony asipewe nafasi ya kusema mazishini, Brutus anampa. Cassius anasema jeshi lisiende Philippi, liwangoje maadui wachoke kwa safari. Brutus anasema liende. Mara zote tatu Cassius, mwenye kijicho na mkono unaowasha kwa hongo, ndiye aliyeona sawasawa. Wema wa Brutus umemziba masikio. Kaizari naye ana sikio moja lisilosikia, anamwambia Antony ahamie upande wa pili. Inapita kama utani, lakini ukirudia kusoma unaona karibu kila mkubwa mle ndani ana sikio bovu.

Halafu kuna umati. Brutus anawaeleza raia kwa hoja zilizopangwa: Kaizari alitaka makuu, ndiyo maana kauawa, sasa mko huru. Wanaelewa, wanashangilia, na mmoja anapaza sauti, basi Brutus awe Kaizari! Hapo ndipo ninapoweka kitabu chini. Antony akipanda baada yake hatoi hoja. Anaonyesha joho lenye matundu ya visu, anautaja wosia kisha anasema hausomi, analia, ananyamaza, anangoja. Muda si muda umati ule ule unamkuta njiani mshairi aitwaye Cinna. Anajitetea: mimi si Cinna wa njama, mimi ni Cinna mshairi. Wanasema basi araruliwe kwa ubaya wa mashairi yake. Tulipolicheza tukio hilo kwenye kiwanja kimoja Dunda, watu walicheka sana. Muuza kahawa mmoja hakucheka. Alipokuwa anakusanya vikombe vyake aliniambia, "Mwalimu, hilo nililiona stendi. Walisema mwizi. Hata jina hawakumuuliza."

Gogol hana mtu mwema hata mmoja. Mji mdogo wa Urusi, mbali na kila kitu, unasikia kwamba mkaguzi anakuja kwa siri. Meya anaita wakuu wa idara. Hospitali, wagonjwa wavishwe kofia safi. Mahakamani, mabata bukini wanaofugwa kwenye ukumbi wa kungojea waondolewe. Bwana posta afungue barua kidogo aone kama kuna aliyechongea; bwana posta keshazifungua siku nyingi, kwa raha zake. Nani hapa Bagamoyo hajaona mawe ya barabarani yakipakwa chokaa usiku mmoja kabla ya ziara? Kisha wanamkuta kijana kwenye nyumba ya wageni, karani wa chini kabisa, fedha zake kazimaliza kwenye karata, anadaiwa hata chakula. Wanaamua ndiye.

Na kijana hakuja kutapeli. Meya anapoingia chumbani, yeye anadhani kaja kumfunga kwa deni la chakula. Wanatetemeka wawili, kila mmoja mbele ya mwenziwe. Uongo unaanza baadaye, na wanaoujenga ni wenyeji. Mgeni anaukuta umetandikwa kama kitanda, analala. Meya huyu ni mjanja wa miaka 30, kawadanganya mpaka magavana, na anakuja kudanganywa na mtoto ambaye hata hajui kama anadanganya. Hofu yake ndiyo iliyomfanyia kazi yote. Ukiwa umewahi kufanya kazi ofisini, hutahitaji maelezo zaidi.

Kinjeketile ndiyo inayoninyima usingizi, labda kwa sababu iko jirani. Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si yule wa historia, wa Vita vya Maji Maji, aliyenyongwa Mohoro Agosti 1905, basi tumsome hivyo. Watu wamechoshwa na kilimo cha kulazimishwa, njaa na viboko vya Mjerumani, lakini wamegawanyika, kabila hili haliamini lile. Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka mkavu, na ana neno: kuna maji, mkiyapata mtakuwa kitu kimoja na risasi haitawadhuru. Neno linafanya kazi ambayo vikao mia visingeifanya. Watu wanaungana. Kisha anakuja kukumbushwa kwamba katika yale aliyoyasema pepo akiwa kichwani, alisema pia kuwa watakuwa watoto wa Seyyid Said. Yaani watoke kwa Mjerumani waingie kwa Sultani? Anashtuka. Anaanza kuona huenda neno lile halikuwa lake, anataka watu wangoje. Lakini watu wana njaa na wana hasira, na sasa wana dawa. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamemwagika kusini nzima.

Msomaji wa Bagamoyo ana sababu yake ya kusimama hapo kwa Seyyid Said. Mji huu ulikuwa wa Sultani wa Unguja kabla Wajerumani hawajaufanya makao yao makuu, na pale pwani pamewekwa mnara mahali walipokuwa wakinyonga watu. Mabwana wote wawili tunawajua kwa majengo yao.

Mwishoni yumo gerezani, anasihiwa akane maji. Anakataa. Anaona kwamba akisema maji yalikuwa uongo, kesho watoto wataambiwa kwamba hata kupigana kulikuwa kosa. Ni ushujaa au ni kiburi? Niliwahi kuwaachia vijana swali hilo saa mbili usiku, saa sita bado wanabishana. Anayedhani mambo ya maji yaliisha na vita mwaka 1907 akumbuke foleni ya magari ya kwenda kunywa kikombe cha dawa Loliondo mwaka 2011. Sisemi waliokwenda walikuwa wajinga. Nina ndugu waliokwenda. Walikuwa na haja, na haja ikakutana na neno.

Kiswahili mdomoni

Hapa hazilingani hata kidogo. Kinjeketile imeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mtu wa pwani akiisoma kwa sauti anajikuta tayari anaigiza. Sentensi fupi, watu wanakatizana kama wanavyokatizana sokoni. Kuna mahali Kinjeketile anazungumza juu ya neno linalozaliwa na mtu, likakua, likamtawala aliyelizaa. Pale mwambieni mwigizaji apunguze mikono. Maneno yanatosha.

Kaizari ya Mwalimu ni ushairi usio na vina, na ushairi huo unadai pumzi. Kikundi kikianza kukariri siku ya kwanza, kila mtu atasoma kama anasoma risala ya harusi. Kaeni chini wiki nzima, someni kwa maana, ulizaneni: hapa anamwambia nani, anataka nini? Baada ya hapo hotuba ya Antony inapanda yenyewe, kwa sababu Mwalimu alikuwa mtu wa majukwaa na alijua mahali umati unapovuta pumzi. Maneno machache yamechakaa. Yaacheni yalivyo, kikundi kinachokarabati kila neno kinamaliza kwa kubomoa.

Edipode ina ugumu mmoja, nao ni wale wazee wa mji wanaoimba pamoja kati ya tukio na tukio. Majina ya miungu wa Kigiriki yamejaa humo, na kijana wa Form Three atayatafuna. Mimi huwashauri wapunguze majina, wabakize maombi, wayaimbe kwa mdundo wa taratibu. Ngoma za kusindikiza huzuni tunazo. Sehemu za mabishano hazina shida, zinakwenda kama kesi ya baraza la kata.

Mkaguzi ni mazungumzo ya kila siku, mepesi, isipokuwa majina. Kuna mabwana wawili, Bobchinsky na Dobchinsky, wanaoigawana habari moja kama watoto wanavyogawana muwa, na ndio walioanza uvumi wote. Waigizaji watataka kuwapa majina ya Kizaramo. Msiwakubalie. Mkibadilisha majina, watazamaji wataacha kucheka na kuanza kutafuta ni nani anayesemwa. Kirusi kile ni kinga yenu.

Watu na vifaa

Kwa Wagiriki, waigizaji watatu walitosha kucheza wote katika Edipode, wakibadilisha vinyago, pamoja na kundi la waimbaji. Mkiwa wanane mna raha. Mlango mmoja nyuma, uwanja mbele, na hakuna kingine. Damu haionekani. Kujinyonga kwa malkia na mfalme kujitoboa macho kunasimuliwa na mtu aliyetoka ndani, na mkimpata msimuliaji mzuri, watu watafumba macho yao wenyewe.

Kaizari inataka umati, na umati hauigizwi na watu watatu. Mswisi mmoja aliyeiona London mwaka 1599 aliandika kwamba ilichezwa na watu kama 15, kila mtu kabeba sehemu zaidi ya moja. Chini ya hapo msijaribu nzima; chukueni kipande cha kuuawa Kaizari mpaka kifo cha Cinna, ni mchezo kamili wa dakika 40. Ujanja wetu Dunda ulikuwa kuwapandikiza waigizaji katikati ya watazamaji. Wakianza kupiga kelele, jirani zao nao wanapiga. Hakuna anayejua tena nani kalipwa soda na nani kaja kutazama.

Mkaguzi ina watu wengi na mavazi, kwa kuwa cheo ndicho kinachochekwa na cheo huonekana kwenye nguo. Makoti ya mitumba yanatosha. Kinjeketile inaweza kuchezwa chini ya mwembe kwa kaniki na ngoma moja. Ni kitabu chembamba, haichoshi. Kinachoisumbua ni kupandwa na pepo. Mwigizaji dhaifu hapo anaangusha jioni nzima, na mwigizaji hodari atawatia watu hofu kweli, akina mama wa mstari wa mbele wataanza kunong'ona dua.

Kuhusu nakala: Kinjeketile imesomwa mashuleni miaka mingi, huikosi. Tafsiri tatu nyingine ni za kubahatisha, kwenye maktaba na kwa wauza vitabu vya zamani Dar es Salaam.

Watazamaji wetu

Mama mmoja mwenye kikundi cha akina mama aliniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, nakuheshimu, lakini ya mtu kumuoa mama yake mimi siisimamishi mbele ya wakwe zangu." Namuelewa. Edipode haina tusi hata moja, lakini jambo lenyewe ni zito kwa uwanja wenye mama mkwe, shehe, padri na watoto. Si kwamba haichezeki. Inataka watu walioandaliwa, ukumbini, na mtu wa kusema maneno mawili kabla: kwamba hakujua, na kwamba alipojua alijihukumu mwenyewe kuliko hakimu yeyote ambavyo angemhukumu. Nimeona watu wa makamo wakitoka kimya, kila mtu na njia yake. Hawaji kukupongeza siku hiyo. Wanakuja baada ya wiki, wanauliza juu ya mchungaji.

Mkaguzi huhitaji kuiandalia mtu. Watu wanacheka kuanzia mabata. Shida ni mgeni rasmi aliyekaa kiti cha mbele. Karibu na mwisho meya anawageukia wanaocheka na kuwauliza wanamcheka nani, si wanajicheka wenyewe? Mwigizaji wetu mmoja, kwa usiku ule tu, aliamua peke yake kumtazama mgeni rasmi machoni. Mgeni alicheka, wasaidizi wake hawakucheka, na barua yetu ya kuomba ukumbi mwaka uliofuata haikujibiwa mpaka leo.

Kaizari inawapata vijana wa kiume mara moja, kwa visu na siasa. Wazee huipenda kwa ajili ya hotuba. Wake wa nyumbani walioniambia ukweli walisema sehemu ya vita mwishoni ni ndefu, na nadhani wana haki.

Kinjeketile ina adui mmoja: watu wanadhani wanaijua. Waliifanyia mtihani, wakakariri "dhamira kuu", wakaiacha hapo. Kwa hiyo msiianze kwa mbiu ya kishujaa. Waanzeni kama Hussein alivyoanza, na wanawake wanaozungumza juu ya njaa. Mtazamaji akisikia njaa anasahau mtihani.

Kwa hali yenu

Kama ni kikundi kipya, watu kati ya sita na kumi, hamjawahi kucheza kitu kirefu, na mnacheza uwanjani bila vipaza sauti: Kinjeketile. Lugha itawabeba mpaka mpate miguu. Lakini kama hamna mtu wa kuibeba ile nafasi ya Kinjeketile mwenyewe, msijidanganye, ngojeni.

Kama ninyi ni watu wazima wachache, mnasoma kuliko mnavyocheza, mnakutana nyumbani kwa mtu Alhamisi jioni, chukueni Edipode. Someni kwa sauti, kwa zamu, siku mbili, bila jukwaa. Ndiyo pekee katika hizi nne ambayo naona inakua ikisomwa mezani. Anayepitia msiba au kesi ya kifamilia mumuonye kwanza.

Shule yenye wanafunzi wengi na mwalimu mwenye subira itafaidi Kaizari, hasa mwaka wa uchaguzi. Wasichana wapewe sehemu za kiume, kwa Shakespeare wavulana walicheza wanawake na dunia haikuanguka. Cassius mzuri kuliko wote niliyemwona alikuwa msichana wa Form Four, mwembamba, mwenye macho yasiyotulia.

Wafanyakazi wa ofisi moja, chama cha kukopeshana, umoja wa walimu, au kikundi chochote kinachotaka kucheka kwanza na kufikiri wakiwa njiani kurudi nyumbani, wachukue Mkaguzi. Wasiichukue kama wanategemea fedha za mtu atakayekaa kiti cha mbele.

Na kikundi chenye ugomvi ndani yake? Hao huja pia, hawasemi, lakini huonekana wanavyokaa barazani, huyu huku, yule kule. Kama ugomvi unatokana na kiongozi mwema asiyeambilika, nawapa Kaizari na sisemi kwa nini. Kama unatokana na maneno yaliyotoka kwa mtu yakakua, nawapa Kinjeketile. Mara moja nilikosea nikabadilisha, wakaelewana vizuri tu, kwa hiyo hapo msinisikilize sana.

Mtu akitaka kuona zaidi ya moja kabla ya kuamua, afanye hivi: achukue ukurasa wa 1 wa kila kitabu, awape watu wanne wasomee wenzao kwa sauti bila kujiandaa, kisha anyamaze atazame ni wapi wenzao waliacha kuchezea simu.

Vitabu ninavyo vyote vinne. Edipode ni nakala moja tu, jalada limetoka, kurasa mbili za katikati nimezinakili kwa mkono. Anayeichukua aandike jina kwenye daftari lililo juu ya kabati, na tarehe ya kurudisha. Watu wa Magomeni, lile jina lenu bado limo.